Maji ya Kisima Katika Gari la Marehemu

Kisa cha Muhsina wa Munje, sehemu ya sita

Mlioniletea pole wiki iliyopita, nawashukuru, lakini zirudisheni. Kuna mtu mwingine anayezistahili kuliko mimi, na mkishasoma ya leo mtamjua.

Kwa aliyechelewa kuingia: mume wangu, Abdulbasit, alifariki miezi kumi iliyopita. Aliniachia mabinti wawili na Probox nyeupe iliyokwisha kutembea kilomita laki nne na elfu thelathini. Gari hilo huwabeba wafanyakazi wa hoteli kutoka Munje na Kinondo hadi Galu, asubuhi na jioni, na ndilo linalotulisha.

Ndugu yake, Abdulkadir, ana fungu lake katika mirathi, na alitaka gari liuzwe kabla ya arubaini. Mama mkwe wangu, Bi Mwanafatuma, akakataa. Gari likae kwangu mpaka binti mkubwa amalize shule, akasema, kwa sharti moja: siku litakapoharibika kwa uzembe wangu, linauzwa na kila mtu anachukua chake. Abdulkadir akapewa ruhusa ya kulikagua. Na akawa analikagua. Kila Ijumaa baada ya sala huja na tochi yake, akalala chini ya gari, akafungua boneti, akapima mafuta ya injini, akatafuta kosa. Halipati, anaondoka na uso uliokunjamana.

Mara ya mwisho niliwaacha kwenye njia panda ya Kinondo. Gari limekufa, boneti linatoa mvuke, abiria saba wamesimama kando ya barabara, na mimi nimefika kwa bodaboda kumfukuza dereva wangu, Kaingu, mbele yao wote. Nilimwambia mtu aliyezoea kuchunga mbuzi kule Kinango hawezi kujua thamani ya injini. Baadhi yenu mlinipongeza kwa neno hilo. Haya, someni.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi gereji ya Ziro, pale Ukunda. Ziro ni fundi wa maneno machache, na hayo machache hayana sukari.

"Nani hulifanyia gari hili sevisi?" akaniuliza.

"Mimi."

Nikampa daftari langu. Nililitoa kwa kiburi, sitaki kuwaficha. Gari lenye umri ule hungoji liugue ndipo ulitibu, hayo marehemu alinifundisha, na mimi nikayashika kama nilivyoshika juzuu amma ya Kurani. Kila kilomita elfu tano, mafuta mapya na filta. Plagi kwa wakati wake. Breki nilibadilisha kabla hazijaanza kulia. Bushi, shokomzoba, mpaka chini ya gari nilikuwa nikipakaza grisi kwa sababu hewa yetu ya bahari hula chuma kimyakimya.

Ziro alisoma kurasa zote. Akalifunga.

"Daftari zuri," akasema. "Maji yako wapi?"

"Maji gani?"

"Ya rejeta. Umeandika kila kitu, maji hukuandika."

"Maji nayo huandikwa? Maji ni maji."

Alifungua kifuniko cha rejeta, akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Mama, maji haya unapikia wali bila kutia chumvi."

Akachomoa mpira wa juu. Likatoka tope la rangi ya kutu, na ndani ya mpira mlikuwa na ukoko mweupe, ule ule unaobaki chini ya birika langu la kuogea. Nikaukwangua kwa ukucha.

"Huu si ugonjwa wa jana," Ziro akasema. "Ni wa miezi. Chumvi imekula njia za maji ndani ya injini, rejeta imeziba, injini imechemka, silinda hedi imepinda. Na gari likipunguza maji kila siku hulijazii tu ukashukuru Mungu. Unatafuta yanakokwenda. Tazama mpira huu, umepasuka kitambo. Daftari lote hili, na hakuna aliyeuona?"

Hapa ndipo ninapoungama, na msinikate kauli.

Msomaji wa bara huenda asinielewe. Kwetu huku karibu na pwani, nyumba ina maji ya namna mbili. Kuna ya kisima, ya chumvichumvi, ya kufulia na kuoshea. Na kuna maji matamu, yanayoletwa kwa mitungi juu ya mkokoteni, ya kunywa na kupikia. Mtoto akinawa miguu kwa maji matamu anapata kofi. Nimelelewa nikiambiwa kuyamwaga ni israfu, na Mwenyezi Mungu hawapendi wafanyao israfu. Ningelinyweshaje gari maji ambayo wanangu huyanywa kwa kupimiwa?

Nilipokuwa eda, miezi minne na siku kumi, sikutoka nje. Gari hulala uani, baina ya nyumba yangu na ya mama mkwe, hatua chache kutoka kisimani. Kila alfajiri nikishasali, kabla Kaingu hajaja kulichukua, nilikuwa nikifungua boneti na kulitilia maji. Kopo moja kwanza, baadaye mawili, mwisho matatu. Nikitia, nasema bismillahi. Niliona hiyo ndiyo khidma iliyobaki kwa mume wangu, na wallahi ilikuwa ikinituliza moyo.

Eda ilipokwisha, Kaingu alinijia.

"Bi Muhsina, maji ya kisima yanaua injini. Nipe ya kunywa kidogo, au tununue ile dawa ya kijani ya rejeta. Na mpira wa juu unavuja, twende tukaubadilishe."

Nikamwona mjanja. Madereva na mafundi hula sahani moja, kila mwenye gari analijua hilo. Dereva akikazana kwenda gereji, ana lake huko. Nikamwambia maji matamu ni ya binadamu, na mpira nitaubadilisha zamu yake ikifika kwenye daftari.

Hakubishana. Siku ya tatu nikakuta mtungi wa lita ishirini kwenye buti la gari, maji matamu, amejaziwa na mlinzi wa hoteli kule Galu. Nikamwita mwizi. Mtungi mzima nikaumimina kwenye shina la mpapai, mimi mwenye kuogopa israfu.

Sasa mnajua. Ziro alikuwa bado hajui. Akafuta mikono yake kwa kitambaa.

"Nani alikuwa akitia maji?"

Kabla sijajibu, pikipiki ikaingia gerejini. Abdulkadir. Gari langu likipata mafua, yeye hupiga chafya.

"Assalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam," nikajibu.

Tangu siku ya mazishi, Abdulkadir hajapata kuniita kwa jina, wala shemeji. Kwake mimi ni "huyu". Akanipita mpaka kwa fundi.

"Huyu amekwisha kuliua gari?"

"Injini imepikwa na maji ya chumvi," Ziro akasema.

"Nani aliyeyatia?"

Ziro akanitazama. Alinipa nafasi, na nafasi ilikuwa ndefu ya kutosha.

"Kaingu," nikasema.

Nilidhani Abdulkadir atakasirika, kwa maana kama kosa ni la dereva, si uzembe wangu, na gari haliuzwi. Wala hakukasirika. Alisimama akiuangalia ule ukoko mweupe.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akarudi kwenye pikipiki yake. "Basi Jumamosi baada ya Alasiri, kwa mama. Aje na kadi yake. Ikithibiti ni yeye, hagusi gari lingine kutoka Ukunda hadi Msambweni."

Si maneno matupu hayo. Abdulkadir ni mwenyekiti wa chama cha madereva wa Galu. Dereva akinyang'anywa kadi ya chama, hakuna mwenye gari atakayempa ufunguo. Nilijua hivyo nilipomtaja Kaingu. Nilijua pia ana mke na watoto wanne.

Abdulkadir alipoondoka, Ziro akainama tena kwenye injini.

"Kaingu namjua miaka kumi," akasema bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kutengenezewa gari, sikuja kuhubiriwa."

"Haya, mama. Njia ya mwongo ni fupi, lakini si mimi ninayeipita."

Ningeweza kumpiga kwa spana yake mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Bi Mwanafatuma aliketi ukumbini kwake juu ya mkeka, miguu ameikunja, tasbihi mkononi. Abdulkadir kuume kwake, mimi kushoto. Nje, barabarani, madereva watatu wa chama walikuwa wamesimama na pikipiki zao wakisubiri hukumu. Abdulkadir ndiye aliyewaleta, na mimi nilikubali.

Kaingu alikuja peke yake, shati limepigwa pasi. Akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Si wakati wa kukaa," akasema Abdulkadir. "Ulitia maji ya kisima katika gari la ndugu yangu, au hukutia?"

"Sikutia."

"Aliyatia nani?"

Kaingu akanitazama. Hakunitaja. Nataka mlijue hilo: mtu niliyemtukana mbele ya abiria saba alikuwa bado ananisubiri niseme mwenyewe.

"Bi Muhsina anajua," akasema.

"Ndiyo, najua," nikamjibu. "Wewe ndiye uliyekuwa ukishinda na gari kutwa. Mimi na boneti, wapi na wapi?"

Lilinitoka bila kukwama hata kidogo. Kaingu akatikisa kichwa, si kwa hasira. Nadhani aliona haya kwa ajili yangu.

"Basi niseme niliyokuwa sitaki kuyasema," akasema. "Bi Muhsina alipokuwa eda, niliona maji ya rejeta yamegeuka rangi. Sikuweza kumwendea mwanamke aliye eda nikamweleza mambo ya gari. Nikampelekea habari mkubwa wa nyumba." Akamgeukia Abdulkadir. "Nilikwambia pale stejini Galu. Nikasema, mwambie shemeji yako maji ya kisima yanaliua gari. Ukanijibu nini?"

"Sijui unazungumza nini."

"Uliniambia niendeshe, niache maneno. Ukasema gari likifa limekufa, litauzwa."

Ijumaa zote zile. Tochi ile. Alikuwa akifungua boneti, akiona maji ya rangi ya kutu, akifunga, akiondoka. Nilikuwa nikidhani anatafuta kosa na halioni. Kumbe aliliona tangu nikiwa eda, na akawa anakuja kuangalia gari limebakiza siku ngapi.

"Mwongo huyu," akasema Abdulkadir. "Mama, mimi niache mali ya Abdulbasit iharibike?"

Sauti yake ilitetemeka. Sijapata kuisikia ikitetemeka, hata siku ya mazishi.

Bi Mwanafatuma aliweka tasbihi chini.

"Kama ni kweli, Abdulkadir, radhi yangu huna. Uliniona nikimzika mwanangu, ukakaa ukisubiri jasho lake lioze." Akasema pole pole, kama anayemwambia mtu afunge mlango. Kisha akanigeukia. "Muhsina. Kaingu akiwa mkweli katika maji, nitamwamini na katika hili la Abdulkadir. Akiwa mwongo katika maji, basi ni mwongo katika yote. Nambie wewe. Ni yeye aliyekuwa akiyatia?"

Nikaliona jambo zima, juu mpaka chini. Nikisema kweli, uzembe ni wangu, gari linauzwa, na Abdulkadir anakosa radhi ya mamake. Nikisema uwongo, gari linabaki kwangu, na adui yangu anaokoka pamoja nami. Anayezama ni Kaingu peke yake.

Nikamtazama Abdulkadir. Jasho lilikuwa linamtiririka shavuni. Na yeye alikuwa ameshaliona, tena kabla yangu. Tangu gerejini alikuwa ameliona. Ndiyo maana hakukasirika.

"Sema, dada yangu," akaniambia.

Dada yangu. Miezi kumi ya "huyu", na leo dada.

Nilimchukia mpaka meno yakaniuma. Nilitaka kusema kweli ili nimwone akianguka. Halafu nikawafikiria mabinti zangu wakirudishwa nyumbani na sare zao, na mtu mwingine akiendesha gari la baba yao mbele ya macho yetu.

"Ni yeye, mama," nikasema. "Nilimkataza mara nyingi."

Abdulkadir akashusha pumzi. Kaingu hakupumua kwa nguvu, wala hakuapa, wala hakunilaani. Alitoa kadi ya chama mfukoni, akaiweka juu ya mkeka mbele ya Bi Mwanafatuma. Abdulkadir alikuwa amenyoosha mkono kuipokea. Kaingu akaupita mkono huo.

"Nimeliendesha gari la Abdulbasit miaka sita," akasema. "Alipokuwa hai halikuchemka hata siku moja. Kwaheri, bi mkubwa."

"Kwaheri, mwanangu."

Akavaa viatu, akatoka. Abdulkadir akaiokota kadi, akainuka kuwapelekea wale wa nje.

"Keti," akasema mamake.

Akaketi.

Bi Mwanafatuma aliokota tasbihi yake. Huko nje tukasikia sauti za wale madereva, na pikipiki moja ikiwashwa.

"Mimi mambo ya gari siyajui," akaanza. "Sikujua maji ya kisima yanaua injini. Ningejua, ningekuja mwenyewe na ndoo ya maji matamu. Lakini macho yangu ni mazima, na dirisha langu linatazama kisima."

Akanyoosha kidole dirishani.

"Kila alfajiri nilikuwa nikikuona, Muhsina. Kanga kichwani, kopo mkononi, boneti limeinuliwa, unasoma bismillahi kwa gari. Nilikuwa nikijisemea, Abdulbasit aliacha mke. Nikikuombea dua hapo hapo dirishani."

"Mama," nikasema.

"Sijamaliza. Leo nilikuuliza nikiwa najua. Ungesema ni wewe, ningemwambia Abdulkadir mwanamke huyu hakuzembea, alikosea, na gari lingebaki kwako. Midomo yangu ilikuwa tayari. Nilikuwa nangoja neno moja tu kutoka kwako."

Sikuweza kumtazama. Abdulkadir akakohoa.

"Mama, mimi nilikuwa nataka tu..."

"Wewe nyamaza. Umemwita dada yako. Nimesikia."

Akanyanyua kadi kutoka mkononi mwa mwanawe, akaniwekea mimi kwenye kiganja, akanikunjia vidole juu yake. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu.

"Mwite. Wewe mwenyewe. Umrudishie hii na uyaseme mbele ya hao mliowaleta. Na wewe, Abdulkadir, utasema lako mbele yao hao hao. Akishika njia bila kusikia kweli kutoka vinywani mwenu, nyinyi wawili hamna mama katika nyumba hii."

Nilitoka bila viatu. Mchanga ulikuwa unachoma na sikuusikia. Abdulkadir alinifuata nyuma, mbali kidogo, kama mtu anayetarajia gari jingine limpite.

Wale madereva walikuwa wamemweka Kaingu kando ya ua. Mmoja alikuwa ameinua simu, anampiga picha ya uso, na Kaingu amesimama wima anapigwa picha, mikono ubavuni. Picha hizo najua huenda wapi. Huenda kwenye kundi la chama, na wenye magari wote wamo, na chini yake huandikwa kosa.

"Kaingu," nikaita.

Yule mwenye simu akaishusha, akanigeukia kwa heshima zote. "Usiwe na wasiwasi, mama. Imeshakwenda. Ukunda, Galu, mpaka Msambweni, watu wote wameshaiona."

Kaingu alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea barabara kuu. Nikamwita tena, kadi yake mkononi mwangu, na madereva wote watatu wakinitazama. Hakugeuka.